Mashine Iliyonuka Sambaza

Kompyuta ya Maman Marcelline huchelewa kuamka. Akiisha kubonyeza kitufe, taa ndogo inawaka, feni inaanza kupuliza, halafu kioo kinabaki cheusi kwa muda mrefu kiasi kwamba mgeni angesema imekufa na kuanza kumpa pole. Haijakufa. Ndivyo ilivyo tangu ipone. Maman Marcelline hukunja mikono juu ya meza na kuisubiri, na ni katika kimya hicho anapotambua, kila asubuhi, kwamba upande wa pili wa ukuta wa mbao hakuna mtu anayeguna wimbo.

Kibanda cha jirani sasa ni cha mama muuza mayai. Ni mtu mwema, anasalimu vizuri, na akifagia mbele ya mlango wake huvuka kidogo akafagia na mbele ya mlango wa Marcelline. Lakini mayai hayana kelele. Zagabe alikuwa na kelele za kila namna. Aliongea na skrubu zilizokataa kufunguka, akazisihi, akazitukana, akaziomba radhi. Aliguna rumba kutwa nzima, lakini sauti ya besi peke yake, ile inayotembea chini chini wakati waimbaji wanalia huko juu, kwa hiyo ungeweza kumsikiliza mpaka jua lizame bila kujua ni wimbo gani. Maman Marcelline alikuwa akibahatisha kupitia ukuta.

“Zagabe! Hii ni ile ya harusi?”

“Hapana, Maman. Hii ni ya kilio.”

Hakupatia hata mara moja. Siku nyingine alishuku kwamba kijana yule alikuwa akibadilisha jibu makusudi, ili mchezo usiishe.

Vibanda vyao vilikuwa kwenye kichochoro kinachoteremka kutoka soko la Kadutu, mahali ambapo mvua ikinyesha maji yote ya juu hupitia kabla ya kwenda ziwani. Upande mmoja Maman Marcelline alishona na kudarizi. Upande wa pili Zagabe alitengeneza kompyuta. Mbele yao, ukivuka tu mfereji, alikuwa Gentil, fundi wa simu na kompyuta pia, mtu wa mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi, ambaye dawa yake kwa kila ugonjwa ilikuwa bomba la hewa ya moto. Kadi, ule ubao mkuu wa ndani ya mashine, imekufa? Anaichoma. Inaamka, mwenyewe anaondoka akicheka, na baada ya wiki chache anarudi akiwa hacheki. Gentil na Zagabe walibishana juu ya jambo hilo kila siku, na kila siku mchana walikula pamoja kutoka sahani moja.

Sahani hiyo ilikuwa ya Zagabe, ya bati lililopakwa rangi, yenye maua mekundu ukingoni, aliyopewa na mama yake alipohamia mjini. Asubuhi aliweka sumaku chini yake na kupanga humo skrubu za wagonjwa wake. Mchana alizimwaga kwenye kopo, akaipangusa sahani kwa pindo la shati, akawekea ugali.

“Siku moja utameza skrubu,” Maman Marcelline alimwambia.

“Nikimeza, Gentil atanichoma na hewa ya moto, itatoka.”

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na watu wa kichochoro waliijua. Hakufungua mashine yoyote kabla ya mwenyewe kukaa juu ya kasha la chupa za bia lililokuwa mlangoni na kuieleza. Zagabe aliuliza kama mama anayemuuliza muuguzi habari za mtoto, ila yeye ndiye aliyekuwa muuguzi. Ilikula nini jana? Ililala wapi? Nani aliigusa mara ya mwisho? Ilianguka? Usifiche, mimi si polisi. Watu waliona haya mwanzoni, halafu wakaanza kusema, na wakianza kusema ilikuwa vigumu kuwanyamazisha. Wengine walipitiliza kompyuta wakafika kwenye ndoa. Zagabe aliwaacha. Alisema kwamba nusu ya ugonjwa wa mashine yoyote umo mdomoni mwa mwenyewe, na kwamba fundi asiyesikiliza atafungua hata pasipostahili kufunguliwa.

Ndiyo maana kosa la Maman Marcelline lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Alikaa juu ya kasha lile, akaulizwa ilikula nini, akadanganya.

Ilikuwa hivi. Marcelline alijifunza kudarizi ujanani, katika chumba cha ushonaji cha masista. Sista aliyewafundisha alizeeka, akarudi kwao Ulaya, akafia huko. Chumba kikafungwa, na Marcelline, aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wenzake, akaachiwa mashine ya kudarizi pamoja na kompyuta ya kukunja iliyoiongoza. Michoro yote ilichorwa ndani ya kompyuta ile, na programu ya kuchorea ilifungwa kwa ufunguo uliotambua kadi ile moja tu duniani. Hamisha diski kwenye kompyuta nyingine, programu inakataa. Aliyeufunga ufunguo huo amelala kaburini mbali sana. Kwa hiyo kompyuta ile ilikuwa na mwili mmoja na roho moja, na mwili ukifa, mashine ya kudarizi inabaki chuma cha kuwekea vitambaa.

Mwaka ule Akonkwa, mtoto wa dada yake, alikuwa anapewa upadre. Dada alikwishafariki. Kasula ya misa ya kwanza, lile vazi la juu la padre, hushonwa na mama, na mama asipokuwepo, mama mdogo hushona. Hilo halikujadiliwa na mtu. Tangu mvua za mwanzo Maman Marcelline alikuwa akichora, nukta baada ya nukta, mmea wa maharagi unaopanda kutoka pindo la chini mpaka shingoni, wenye majani matatu matatu na maua meupe, kwa sababu dada yake alilima maharagi kwenye mteremko mkali maisha yake yote, na ndiyo yaliyomlipia Akonkwa shule. Kwa vidole vyake vilivyokwisha kukakamaa asingeweza kuudarizi kwa mkono. Ulikuwa ndani ya kompyuta, na mahali pengine popote haukuwepo.

Halafu mvua ikapita kwenye tundu la bati na kuidondokea kompyuta.

Bukavu kila kitu hukaushwa juu ya mbabula, jiko la makaa. Daftari za shule, viatu, cheti cha ubatizo, godoro la mtoto. Mvua haikupi nafasi ya kungoja jua, na makaa yapo jikoni tayari. Maman Marcelline hakufikiri. Alibeba kompyuta mpaka nyumbani, akaweka wavu juu ya mbabula ile ile aliyokuwa amekaangia sambaza, vile visamaki vya ziwani, jioni, akailaza kompyuta juu ya wavu, tumbo chini, akaigeuza, akaigeuza tena. Ilikauka vizuri. Asubuhi iliwaka. Baada ya siku kadhaa ilianza kuzimika katikati ya kazi, kioo kikigeuka bluu kama macho ya samaki aliyelala sokoni.

Aibu yake ilikuwa na sababu. Miezi michache nyuma, mchungaji mmoja wa kanisa la barabarani alileta kwa Zagabe simu aliyoikausha juu ya makaa, na Maman Marcelline alipiga kelele mbele ya kichochoro kizima: “Pasta, ulikuwa unachoma mahindi?” Watu walicheka mpaka sokoni. Mchungaji alipita njia nyingine tangu siku hiyo. Sasa yeye mwenyewe aliketi juu ya kasha, na Gentil yuko ng’ambo ya mfereji, masikio wazi.

“Ilikula nini, Maman?” Zagabe aliuliza.

“Haikukula kitu. Ilianza wakati niliingiza ile kle ya parwasi, ile fleshi yenye nyimbo za kanisa. Labda kuko virusi.”

“Ilianguka? Maji?”

“Maji gani? Zagabe, minakuambia virusi.”

Zagabe alimwamini. Kwa nini asimwamini? Alimwita Maman tangu siku aliyofungua kibanda. Basi akawinda virusi. Alisafisha diski, akaipima, akarudisha mfumo mzima upya huku akiiacha programu ya kudarizi mahali pake. Kompyuta ilikaa vizuri asubuhi, ikapata joto, ikaanguka. Akabadilisha kile kibao cha kumbukumbu kinachochomekwa na kuchomoka, akaweka kingine. Ikaanguka. Akasafisha feni. Ikaanguka. Kila ilipoanguka Maman Marcelline alisikia mguno wa rumba ukikatika upande wa pili wa ukuta, na moyo wake ukakatika nao.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililomla usiku. Mke wa Zagabe, Nyota, alikuwa muuguzi, na tangu mwanzo wa mwaka alikuwa amepata kazi katika kituo cha afya kule Sange, kwenye tambarare ya Ruzizi, njia ya Uvira. Alikuwa ameteremka na mtoto wao. Zagabe alikuwa awafuate. Gentil hakuchoka kumchokoza juu ya hilo.

“Mwanaume anafwata bibi! Mpaka Sange, kwenye joto! Kule batu banalala inje kama mbuzi.”

“Weye bibi yako alikufwata huku,” Zagabe alimjibu. “Ulimupa nini? Matope.”

Alikwisha kuwarudishia watu mashine zao, akaacha kupokea nyingine. Alibakiza moja. “Mashini ya Maman ikiamka, mimi naenda,” alisema, na hakuna aliyembishia, kwa sababu kila mtu alijua kasula ilikuwa ya nani.

Je, Maman Marcelline alinyamaza kwa aibu tu? Alijiuliza mwenyewe, akiwa amelala, mvua ikipiga bati. Alikuwa na watoto wawili, wote mbali. Zagabe ndiye aliyempandishia mashine ya kudarizi juu ya mawe kila mvua ilipotishia, bila kuitwa. Kijana huyo anakwenda siku kompyuta itakapoamka, na kompyuta haiamki. Aliligeuza wazo hilo, hakupenda upande wake wa chini, akaliacha.

Asubuhi moja Zagabe aliifungua tena kompyuta, akaiinamia kwa karibu sana, na mguno wake ukakatika katikati.

“Maman.”

“Niko.”

“Kuja kidogo. Minasikia harufu.”

Marcelline alitokea mlangoni na futi yake shingoni. “Harufu ya nini?”

“Sambaza. Ya kukaanga.”

“Ni jirani.”

“Jirani gani anakaanga sambaza saa hii? Harufu inatoka mu mashini.” Zagabe aliigeuza kompyuta, akagusa vile viguu vya mpira chini yake. Viwili vilikuwa vimelainika na kulala upande. Akamtazama.

“Labda ni wale masista,” Maman Marcelline alisema. “Bale bazungu banapendaka sambaza.”

Hapo simu ya Zagabe ikalia. Alikuwa ameshika kadi kwa mikono miwili, akabonyeza kwa kiwiko ili sauti itoke kwa nguvu. Alikuwa Nyota, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

“Papa Gloire, jambo. Maman Marcelline eko karibu? Munipe nimusalimie. Maman, jambo Maman! Habari ya kasula? Ile mashini yako itapona lini? Mutoto ameanza kutembea. Anasimama ku barabara, kila mwanaume anapita, anamwita papa. Jana aliita dereva wa kamiyo. Dereva akasimamisha!”

Alicheka, na Zagabe alicheka, na Gentil ng’ambo ya mfereji alicheka. Maman Marcelline hakucheka. Zagabe alipoagana na mkewe na kukata simu, alimkuta mama yule amekaa juu ya kasha la bia bila kuambiwa.

“Niulize tena,” alisema.

“Nikuulize nini, Maman?”

“Niulize ilikula nini.”

Zagabe aliweka kadi chini taratibu, juu ya kitambaa. “Bon. Ilikula nini, Maman?”

“Ilinyeshewa. Njo nikaiweka ku mbabula.” Alisema akitazama miguu yake. “Niliigeuza mara nyingi. Tumbo chini.”

Kisha sauti ya Gentil ikavuka mfereji, tamu kama ya mwimbaji wa kwaya:

“Maman Marcelline! Ulikuwa unachoma mahindi?”

Kichochoro kiliangua kicheko. Muuza sabuni alicheka, mama wa saluni alicheka, mtu wa pikipiki aliyekuwa anapita akisukuma chombo chake juu ya mlima alisimama kuuliza kuna nini, akaambiwa, akacheka. Maman Marcelline alifunika uso kwa futi na vidole. Na alipoondoa mikono, Zagabe peke yake hakuwa akicheka. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyeonyeshwa njia.

“Tumbo chini,” alirudia. “Donc, moto ulipiga huku.”

Alimweleza, kwa sababu alikuwa na tabia ya kueleza. Kompyuta ile ilikuwa na kumbukumbu za namna mbili. Moja ni kibao chembamba kinachochomekwa kwenye mfereji wake mdogo ndani ya mashine, ambacho hata yeye Maman angeweza kukichomoa kwa kucha. Nyingine ni vipande vidogo vyeusi vilivyolehemiwa moja kwa moja kwenye kadi, chini, tumboni. Hivyo havichomoki. Kompyuta huzitumia zote mbili kama kapu moja: inaweka humu, inaweka mule, haisemi imeweka wapi. Vikiwa baridi, vile vya tumboni vilijibu vizuri. Vikipata joto, vilisahau. Na yeye, kwa kuwa aliambiwa virusi, alikuwa akitafuta mwizi ndani ya nyumba wakati ukuta ndio uliokuwa unaanguka.

Aliazima mashine ya kukaushia nywele kwa mama wa saluni. Akawasha programu ya kupima kumbukumbu, akaipuliza kadi kwa upole mahali pale, maana mgonjwa aliyekwisha kuungua hapulizwi kwa nguvu. Mistari ya kioo ilikuwa ikiteremka mitulivu. Kisha ukatokea mstari mwekundu. Kisha mwingine, kisha kioo kikajaa wekundu kama baraza lililopambwa kwa mwaka mpya.

“Njo hii,” Zagabe alisema, karibu kwa furaha.

Gentil alikuwa amevuka mfereji na bomba lake mkononi. “Tuichome. Risasi ya kulehemu itayeyuka, itashika upya. Dakika kidogo tu.”

“Moto ilishaiua mara moja,” Maman Marcelline alisema. “Munataka kuiua mara ya pili?”

“Maman, moto yangu iko na thermomètre. Yako ilikuwa na mafuta ya sambaza.”

Lakini Zagabe alikataa. Vipande vya kubadilishia havikuwepo mjini vya namna ile, na kadi ikichomwa vibaya ufunguo wa programu unakwenda nayo, na maharagi yanakwenda na ufunguo. Alikuwa na wazo jingine, akalitafutia maneno.

Ndani ya kila kompyuta, alisema, kuna programu ndogo inayoamka kabla ya nyingine zote. Mafundi huiita biosi. Hiyo ndiyo mwalimu wa asubuhi: inasoma majina, na kila kifaa kinaitika. Kioo! Nipo. Diski! Nipo. Kumbukumbu ya tumboni! Nipo. Ile ya mfereji! Nipo. Asiyeitwa haitiki, na asiyeitika hapewi kazi. Sasa, kama mtu angeingia ndani ya biosi na kufuta jina la ile ya tumboni kwenye mwito?

“Itabaki pale?” Maman Marcelline aliuliza.

“Itabaki. Lakini hakuna mutu atakayeiomba kitu. Tutatumia ile ya mfereji peke yake. Kompyuta itakuwa polepole, Maman. Lakini haitasahau.”

“Na ukikosea?”

Zagabe hakumdanganya. “Nikikosea haitaamka. Lakini nitaweka kopi ya biosi kama ilivyo, mbele ya kugusa. Kama kadi haijaharibika, nitarudisha.”

Maman Marcelline alifikiri juu ya maharagi, nukta baada ya nukta. Alifikiri juu ya mtoto anayesimamisha malori. “Fanya,” alisema, akaingia kibandani mwake, kwa sababu hakuweza kutazama.

Alisikiliza kupitia mbao. Alisikia Zagabe akisogeza betri ya gari, maana kwa kazi hiyo hakuuamini umeme wa ukutani, unaoweza kukatika ukiwa umeandika nusu ya neno. Alisikia kibanio kikiuma miguu ya kile kipande kidogo ambamo biosi hulala. Kisha ikawa besi ya rumba, ndefu, thabiti, alipokuwa akisoma na kutafuta mahali. Mchana ulipita. Gentil alikula peke yake kutoka sahani ya maua, akaacha nusu.

“Maman!”

Alikimbia. Kompyuta ilikuwa imewaka, na upesi kama zamani. Zagabe hakuwa na furaha. Alimwonyesha: kumbukumbu zote zilikuwa zimehesabiwa, wagonjwa na wazima, kana kwamba hakufanya kitu. Baada ya kupata joto ilianguka.

“Uliandika vibaya?”

“Niliandika vizuri. Imefuta yenye niliandika.”

Alikaa akiitazama, kidevu juu ya ngumi. Hakuguna chochote. Maman Marcelline alirudi kwenye cherehani akashona mshono ulionyooka kwenye kipande cha kitambaa kisicho na kazi, akaufumua, akaushona tena. Kimya cha upande wa pili kilikuwa kirefu mno. Alikwisha kuanza kukizoea, kama mtu anayejaribu nguo ya msiba kabla ya msiba.

Kisha besi ikaanza, pole pole.

Biosi, Zagabe alikuja kumwambia, ilikuwa na nakala yake ya akiba, iliyofichwa mbele kidogo ndani ya kipande kile kile. Ilipoamka na kuona mwito wake umeguswa, ilidhani imejeruhiwa, ikarudi kwenye nakala ya zamani na kujiponya. Ilijirudishia ugonjwa. “Iko na kichwa ngumu,” alisema kwa mapenzi. “Inapenda kumbukumbu yake hata kama inaiua.”

Maman Marcelline alimfikiria dada yake, ambaye miaka mingi baada ya kumzika mumewe aliendelea kupakua chakula chake.

Mara ya pili Zagabe alifuta jina mahali pote pawili, akaandika, akaondoa kibanio, akamwita abonyeze yeye.

“Mashini ni yako.”

Alibonyeza. Taa ikawaka. Feni ikapuliza. Kioo kikabaki cheusi. Gentil alivuka mfereji, akasimama nyuma yao. Mama wa saluni alikuja na kichwa cha mteja kilichosukwa nusu, mteja naye akaja na kichwa hicho. Kioo kikabaki cheusi. Maman Marcelline alianza Salamu Maria moyoni, akafika mwisho, akaanza nyingine. Gentil alifungua mdomo kusema pole, Zagabe akamwinulia kidole bila kugeuka.

Kioo kikawaka.

Walipiga kelele ambayo muuza sabuni alidhani ni ya mpira. Zagabe aliinama kusoma hesabu: kumbukumbu ya mfereji ipo, nyingine haipo, haijawahi kuwepo. Wakaipuliza kwa mashine ya nywele mpaka mama wa saluni akaidai. Haikuanguka. Programu ya kudarizi ikafunguka, ufunguo ukamtambua bwana wake, na mmea wa maharagi ukapanda kwenye kioo, polepole, jani moja baada ya jingine.

“Mbona ilikawia?” Maman Marcelline aliuliza, akipangusa macho kwa kitenge.

“Itakuwa inakawia kila siku. Inatafuta wale yenye haiwaone tena, kisha inakubali. Usiizime kwa haraka, Maman. Uingojee.”

Kabla ya kasula Maman Marcelline alilijaribu jani moja. Akachukua kipande cha kitambaa cheupe, akaingiza, na mashine ya kudarizi ikaanza mlio wake ambao kichochoro hakikuusikia tangu mvua. Jani lilitoka zuri. Alilishonea pindo, akakifanya kitambaa kuwa cha kubebea mtoto mgongoni, ingawa mtoto mwenyewe sasa alitembea.

Zagabe aliondoka kabla ya upadre. Alikuwa amesema hivyo, na lori la kwanza lenye nafasi liliteremka katikati ya wiki. Alibeba betri, kibanio, kopo la skrubu na kile kitambaa cha mtoto. Sahani ya maua alimwachia Gentil, akisema Gentil hawezi kula peke yake kwenye sahani ya kawaida, atajisikia vibaya. Gentil alisema matusi fulani kwa Kilingala, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu akichoma kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

“Maman,” Zagabe alisema mlangoni, “siku nyingine ikinyeshewa…”

“Nitaenda kukuona Sange. Kuko jua.”

“Kuko jua mingi.”

“Basi nenda. Mutoto asimamishe kamiyo yako.”

Jumapili ya misa, Akonkwa alipoinua mikono, kasula ilinyooka na maharagi yakapanda kutoka magotini mpaka shingoni, na wanawake wa kijiji cha dada yake, waliokaa mbele, waliyatambua majani kabla hawajatambua kitu kingine, wakapiga vigelegele mahali ambapo misa hairuhusu. Maman Marcelline aliomba mtu ampigie picha, akaituma. Jibu lilikuja wakati wa chakula. Zagabe hakusifu kasula kwanza. Aliuliza: *Leo asubuhi ilikawia?*

Ilikawia. Hukawia kila asubuhi, na yeye huingoja, mikono imekunjwa, akisikiliza upande wa mayai.

Zagabe yuko Sange. Kibanda chake kiko kando ya barabara ya Uvira, karibu na kituo cha afya anakofanya kazi Nyota, na mlangoni pake pana kasha la chupa za bia la kukalia.